Muziki wa nchi ya chai urudi sebuleni

Historia ya muziki uliorekodiwa katika nchi ya Wakipsigis ina pande mbili ambazo hadi leo hazijakutana vizuri. Upande mmoja kuna muziki uliotunzwa kwa uangalifu mkubwa lakini wenyewe hawakuusikia. Upande wa pili kuna muziki uliosikika kila pembe ya Kericho na Bomet lakini haukutunzwa. Kompyuta ndogo ya sebuleni, yenye diski iliyojaa nyimbo na iliyounganishwa na spika, ndiyo inayoweza kuzikutanisha. Wengi huiona seva ya muziki ya nyumbani kuwa mchezo wa wapenzi wa mitambo. Mimi naiona kuwa chombo cha historia, na nadhani ushahidi wa nchi ya chai unaniunga mkono.

Mwaka 1950, Bomet ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Kericho, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake akarekodi nyimbo za wenyeji. Zilizopata sifa zaidi ni zile ziitwazo Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwa gramafoni za Wazungu. Wasichana walioongozwa na Chemutoi Ketienya walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakifuatana na kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkongo. Hapa pana jambo la kutafakari. Sauti ya Mmarekani iliwafikia Wakipsigis kwa sababu santuri ni nakala, na nakala husafiri hadi kwa msikilizaji. Jibu la Wakipsigis nalo lilisafiri, ila lilikwenda bila kurudi. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, akatoa mfululizo wa santuri 210 za Sound of Africa kwa ajili ya vyuo na watafiti. Mwaka 1978, baada ya kifo chake, hazina hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji unaoitwa sasa Makhanda. Ilitunzwa vyema huko. Hata hivyo ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya maktaba hiyo, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, kuzirudisha nyimbo hizo kwa jamii zilizoziimba. Ilikuwa kazi njema sana, lakini iliwakuta waimbaji wengi wameshakufa.

Upande wa pili ulizaliwa Kericho mjini. A.P. Chandarana, mfanyabiashara mwenye duka la muziki, aliendesha studio na kutoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa lebo zake, zikiwemo Chandarana, Mambo na Saba Saba. Humo waliingia wapiga gitaa wa Kikalenjin pamoja na wapiga benga wa Kijaluo. Kwa nini lebo ya namna hii isimame Kericho, si Nairobi peke yake? Naona jibu limo mashambani. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai huko miaka ya 1920, kambi za wafanyakazi zilikusanya watu wa Nyanza, Kisii, Magharibi na wenyeji wenyewe, wote wakilipwa mshahara wa mwezi. Mwenye duka aliwapata wanunuzi wa lugha nyingi katika barabara moja. Kumbukumbu ya kambi hizo, yaani nani alicheza nini Jumamosi ya mshahara, imo katika santuri hizo kuliko katika vitabu vya kampuni. Jina kubwa la Wakipsigis katika muziki wa gitaa, Kipchamba arap Tapotuk wa Koilonget Band, aliyefariki mwaka 2007, ni wa zama hizo.

Lakini santuri iliyopendwa ndiyo iliyokwaruzwa zaidi, kwa kuwa kila sindano ilipopita ilikula kidogo. Kisha zikaja kaseti. Zilikuwa rahisi, zikaingia kila nyumba, na uharamia ukaja nazo. Biashara ya santuri Kenya ilidhoofika miaka ya 1980, na nyimbo nyingi zikabaki katika kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, kila nakala ikiwa hafifu kuliko mama yake. Hali ya hewa nayo haisamehe. Mvua inayonyesha Kericho karibu mwaka mzima na kuupendeza mchai ndiyo inayoleta ukungu juu ya utepe wa kaseti na majalada ya karatasi.

Faili ya kompyuta ilibadilisha jambo moja kubwa: nakala ya mia ni sawa kabisa na ya kwanza. Santuri husomwa kwa mashine ya kuichezea, sauti hupitia kifaa kidogo kinachoigeuza kuwa tarakimu, kisha programu ya bure kama Audacity huihifadhi. Kwa kipimo cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, dakika moja huchukua takribani megabaiti 10. Mfumo wa FLAC, uliotoka mwaka 2001, hupunguza ukubwa huo kwa karibu nusu bila kupoteza chochote cha sauti, tofauti na MP3 ambayo hutupa sehemu yake. Diski ya terabaiti 1 ina nafasi ya maelfu mengi ya pande za santuri, na kompyuta ya mkononi iliyozeeka yatosha kuwa seva. Nyimbo hukaa hapo, na simu au spika yoyote iliyo kwenye ruta ya nyumbani huzichezesha bila bando. Kazi ngumu iko kwenye maelezo. Benga nyingi zilikatwa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande mwingine, kwa hiyo asiyeandika vizuri atazitenganisha milele. Kibandiko cha katikati ya santuri, chenye jina la mtunzi, bendi na namba ya toleo, kipigwe picha na kuwekwa pamoja na faili.

Wapo watakaosema yote haya yamo YouTube tayari. Yamo mengi, na tuwashukuru waliopakia. Lakini kilichowekwa na mtu mmoja huondoka naye, au huondolewa siku akaunti inapofungwa. Mwaka 2019 tovuti ya MySpace ilikiri kwamba ilipoteza muziki uliopakiwa kwa zaidi ya miaka 10, na wasanii waliokuwa na nakala moja tu mahali hapo walibaki mikono mitupu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba diski nayo hufa, na kampuni ya programu pia. Ni kweli, na ndiyo sababu nakala moja haitoshi: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Kuhusu kampuni, mfano wa Logitech unafundisha. Mwaka 2012 iliacha kutengeneza vifaa vyake vya kuchezea muziki vya Squeezebox, lakini programu ya seva ilikuwa huria, watumiaji wakaiendeleza, na inaendelea leo kwa jina la Lyrion. Kilicho wazi kwa wengi kilidumu baada ya duka kufungwa.

Kuna pia swali la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa, na mtunzi ana ulinzi wake mrefu zaidi. Kwa hiyo seva ninayoitetea ni ya kusikiliza na kutunza nyumbani. Kuuza nakala za nyimbo za Kipchamba ni kuirudisha ile ile hujuma ya kaseti dhidi ya familia za wanamuziki, na siikubali hata kidogo.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti dhamana ya maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kericho na Bomet zinaweza kuweka mashine moja ya kusomea santuri na kaseti katika maktaba ya umma, pamoja na mtu anayejua kuitumia, ili mwenye sanduku la santuri aje nalo na arudi nyumbani na faili zake. Gharama yake ni ndogo. Wakati serikali za kaunti zinajadiliana, wewe uliye na santuri za Chandarana chini ya kitanda zitoe, zifute vumbi, andika majina ya waliozinunua, na uzinakili kabla ya msimu mwingine wa ukungu.