Vyanzo vya Historia ya Boko

Mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti, yaani andiko linaloeleza swali na njia ya kulichunguza, kuhusu Boko, kandokando ya barabara ya Bagamoyo, hana budi kuitazama Mrima, yaani mwambao wa bara unaoikabili Zanzibar. Kunduchi jirani ina magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kauri kutoka China, ushahidi wa biashara ya bahari usiohitaji karatasi. Kwa maandishi, Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1903, kina thamani kubwa kwa kuwa mwandishi wake mkuu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa mwenyeji wa Bagamoyo. Ila kilitungwa chini ya kivuli cha utawala wa Wajerumani, hivyo kilinganishwe na simulizi za wazee wa Kizaramo.