Haiponatremia: Sodiamu Inapozimuka Katika Damu

Sikio la Kiswahili likisikia neno haiponatremia kwa mara ya kwanza, hudaka silabi tatu za mwanzo: "haipo". Mgonjwa wa Mbagala au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayeambiwa hivyo anaweza kurudi nyumbani akiamini kuna kitu kimekwisha kabisa mwilini mwake. Tena istilahi pacha, haipanatremia, inayotaja hali iliyo kinyume, inatofautiana nayo kwa irabu moja tu. Maneno yanayofanana hivyo, yakisemwa harakaharaka wodini, yanadai tafsiri iliyonyooka.

Asili ya neno haina ugumu. Haipo ni Kigiriki, maana yake chini au pungufu; emia inatokana na jina la damu katika lugha hiyohiyo; natri ni natrium, jina la Kilatini la sodiamu, ndiyo maana elementi hiyo ina alama ya Na. Mtanzania analo jina hilo kwenye ramani yake: Ziwa Natron, mkoani Arusha, limeitwa hivyo kwa ajili ya magadi yake, na magadi ni chumvi ya sodiamu. Wapo wanaoandika natiri, ila sodiamu imezoeleka zaidi.

Tafsiri sahihi, basi, ni upungufu wa sodiamu katika damu. Hatari huanza inapokatwa ikawa "upungufu wa chumvi".

Damu ya mtu mwenye afya huwa na sodiamu milimoli 135 hadi 145 kwa kila lita. Ikishuka chini ya 135, hiyo ndiyo haiponatremia. Chini ya 125 hali ni nzito. Lakini kinachopimwa hapo ni uwiano wa sodiamu na maji. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, miguu imevimba, ana chumvi nyingi mwilini kuliko kawaida, ila maji yamezidi hata zaidi. Damu yake imezimuka, kama juisi ya ukwaju iliyoongezwa maji ili itoshe wageni. Mwambie mtu huyo kwamba amepungukiwa chumvi, naye aende kuijaza kwenye mchuzi, uvimbe utazidi. Kiswahili kina kitenzi kuzimua, na madaktari wangekitumia zaidi wangeeleweka.

Maji yakizidi katika damu huingia ndani ya seli, nazo huvimba. Mguu una nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Kwa hiyo dalili huanzia kichwani: maumivu, kichefuchefu, kuweweseka, kuchanganyikiwa, kisha degedege na kupoteza fahamu. Sodiamu ikishuka polepole, ubongo hujizoeza, na dalili pekee ikawa mzee anayeyumba na kuanguka. Baadhi ya wazee hao wanatumia dawa za presha zinazokojosha, kama bendrofluazidi, ambazo hutoa sodiamu nyingi kwenye mkojo. Kifua kikuu, nimonia na homa ya uti wa mgongo nazo huweza kuufanya mwili ung'ang'anie maji.

Kwa wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, hata hivyo, njia iliyo karibu zaidi ni kuharisha. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikasambaa nchini na kuwapata zaidi ya watu 20,000. Kinyesi cha mtu mzima mwenye kipindupindu hubeba sodiamu kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu yenyewe. Akirudishiwa maji matupu, kiu itapoa na damu itazimuka. Madafu yanayouzwa kwenye baiskeli yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo hayazibi pengo hilo.

ORS, dawa ya unga inayochanganywa na maji ya kunywa kwa anayeharisha, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi, na glukosi ndiyo inayoivusha sodiamu kwenye ukuta wa utumbo. Tatizo ni chupa. Nyumba nyingi zina chupa tupu ya lita moja na nusu; pakiti ikimiminwa humo na chupa ikajazwa hadi shingoni, theluthi ya nguvu ya dawa imepotea kabla mtoto hajanywa.

Mtoto mchanga yuko hatarini zaidi, kwa kuwa figo zake bado hazimudu kutoa maji mengi. Joto la Januari humshawishi mama ampe maji, au aongeze maji kwenye maziwa ya kopo ili yafike mwisho wa wiki. Degedege likija, lawama huangukia malaria au mashetani. Maziwa ya mama pekee humtosha kwa miezi 6, hata kwenye joto hilo.

Wala si suala la umaskini tu. Katika mbio za marathoni za Boston za 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na haiponatremia, na waliokunywa maji mengi hadi kuongezeka uzito njiani ndio walioathirika zaidi.

Matibabu hufuata chanzo. Mwenye degedege huwekewa dripu ya chumvi ya asilimia 3. Mwenye ugonjwa wa moyo huenda akapunguziwa maji ya kunywa, agizo linalowashtua ndugu waliokuja na chupa na uji. Kwa kawaida sodiamu haipandishwi zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita katika saa 24 za kwanza, kwani ikipaa ghafla huharibu utando wa neva kwenye shina la ubongo, na mgonjwa anaweza kupooza. Ndiyo maana muuguzi hurudi kila baada ya saa chache kuchukua damu.