Ruba si mmoja

Kamusi za Kiswahili humtaja kwa majina mawili, ruba na mruba, kana kwamba ni mnyama wa aina moja. Sivyo. Jina moja tu la kisayansi alilotoa Linnaeus, Hirudo medicinalis, lililoingia vitabuni mwaka 1758, lilificha ndugu kadhaa. Mwaka 2007 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ruba waliouzwa kwa jina hilo kwa ajili ya tiba walikuwa kwa kweli Hirudo verbana.

Kosa hilo lina uzito, kwa kuwa mnyama huyu ni chombo cha hospitali. Marekani ilimwidhinisha mwaka 2004 kama kifaa cha tiba. Daktari akishaunga kidole kilichokatika, damu hukwama. Ruba huinyonya, na hirudini iliyo katika mate yake huizuia kuganda.

Kwetu Kajiado, ambako ng'ombe hunywa madimbwini, habari ni nyingine. Myxobdella africana, ruba wa Afrika, hana tiba yoyote: hunasa kooni mwa anayekunywa na kumfyonza hadi damu ipungue. Mfugaji anastahili kumjua kwa jina lake mwenyewe.

Ng'ambo ya mto Mbagathi, mkabala na Kitengela, wapo viboko wa Mbuga ya Nairobi. Kiboko barani Afrika ana ruba wake, Placobdelloides jaegerskioeldi, aishiye katika utumbo wake wa mwisho. Huyu hana taya tatu za Hirudo. Hudunga kwa mrija.