Kupogoa na Kutunza Mirasiberi Bustanini

Mrasiberi (Rubus idaeus) ni mmea wa jamii ya waridi unaopenda nchi zenye baridi. Ndugu zake wa mwituni, wa jenasi hiyohiyo ya Rubus, huota hata katika misitu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, lakini mrasiberi wa bustanini una makao yake Ulaya. Uskoti, hasa eneo la Blairgowrie, imeulima kwa muda mrefu, na aina kama Glen Ample zilizalishwa na watafiti wa Invergowrie, karibu na Dundee. Miezi inayotajwa hapa ni ya kalenda ya Uingereza.

Mizizi ya mmea huu huishi miaka mingi, ila kila ufito unaochomoza ardhini huishi miwili tu. Mwaka wa kwanza ufito ni wa kijani na kwa kawaida kazi yake ni kurefuka. Mwaka wa pili hugeuka hudhurungi, gome huanza kuambuka, vitawi vya ubavuni huchanua na kuzaa, kisha ufito wote hukauka. Kazi nzima ya kupogoa imejengwa juu ya tofauti hiyo, na bustani nyingi hukosa matunda kwa sababu mkasi umepita bila kuuliza umri wa ufito.

Aina za mapema, kama Glen Ample, huzaa kati ya Juni na Agosti kwenye fito za mwaka wa pili. Mavuno yakiisha, fito zilizozaa zikatwe mara moja. Kuzitambua si kazi: rasiberi ikichumwa huchomoka na kubaki na uwazi ndani, nacho kiini chake cheupe chenye umbo la pia husalia kwenye kikonyo. Ufito wenye viini hivyo umemaliza kazi. Ukate usawa wa udongo, kwani kisiki kinachoachwa ni mlango wa ukungu. Katika fito changa, chagua sita hadi nane zenye nguvu kwa kila shina, uzifunge kwenye nyaya kwa nafasi ya sentimita 10 hivi; zilizobaki ziondoe. Februari punguza ncha zilizopita waya wa juu.

Aina za mwisho, kama Autumn Bliss, huzaa kuanzia Agosti hadi Oktoba kwenye ncha za fito za mwaka uleule. Hizi ni rahisi mno: Februari kata fito zote hadi chini, na mpya zitaota zenyewe. Kwa mwenye bustani ndogo na muda mchache, ningemshauri aanze na hizi.

Udongo uwe na uchachu kidogo na usituamishe maji, maana mizizi iliyolowa daima huozeshwa na kimelea kiitwacho Phytophthora. Mizizi hiyo iko juujuu, kwa hiyo jembe lisisogee karibu. Magugu yang'olewe kwa mkono, na matandazo ya samadi iliyooza vizuri yawekwe mwanzoni mwa msimu wa kuota. Maji yatiwe chini, si majanini, hasa matunda yanapojaa. Machipukizi yanayojitokeza mbali na mstari yang'olewe yangali madogo. Ndege huzuiwa kwa wavu. Funza mdogo anayekutwa ndani ya tunda ni kiluwiluwi cha mbawakawa wa rasiberi.

Ukirithi kichaka usichojua aina yake, usikate ufito wowote ulio hai Februari ya kwanza. Ngoja hadi Septemba uangalie fito mpya za kijani. Zikiwa na matunda kwenye ncha, ni aina ya mwisho. Zikiwa na majani matupu, ni aina ya mapema, na hizo ndizo zitakazokupa mavuno mwaka unaofuata, basi zilinde.