Mtoto wa Panga ya Saidi: Kaburi la Miaka 78,000 na Swali la Ustaarabu

Juzi binti yangu alinijia na daftari lake la shule. "Baba, ustaarabu ulianzia wapi?" Kitabu chake kilikuwa na jibu tayari: Mesopotamia, baina ya mito miwili ya Dijla na Furati, kisha Misri. Nikamwambia jibu ni sawa, aandike. Hakuondoka. Akaniuliza la pili: "Na kabla ya hapo, watu walikuwa kama wanyama tu?"

Swali hilo nililala nalo. Jibu lake haliko Iraq wala Misri, liko hapa hapa Kilifi, ndani ya pango lililo kama kilomita 15 kutoka baharini. Wengi wetu tumepita karibu nalo bila kujua.

Walichokikuta chini ya mita tatu

Pango lenyewe linaitwa Panga ya Saidi, na liko katika vilima vya mawe ya chokaa vya Dzitsoni. Wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka ng'ambo walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Kwa miaka kadhaa walishuka tabaka baada ya tabaka, wakitoa zana za mawe, mifupa ya wanyama na shanga. Mwaka 2013 waliona vipande vya mifupa, lakini hawakujua ni vya nani. Mwaka 2017, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango, wakakifikia kishimo kidogo cha mviringo chenye mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa vumbi.

Hawakuthubutu kuitoa mmoja mmoja. Walilifunga bonge zima la udongo kwa plasta, likapelekwa Makavazi Nairobi, na baadaye kwenye maabara ya kituo cha utafiti wa binadamu wa kale huko Burgos, Uhispania. Huko lilifunguliwa polepole na kupigwa picha za eksirei. Wakaona uti wa mgongo, mbavu, fuvu, na meno madogo ambayo bado yalikuwa kwenye taya.

Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Meno yalithibitisha kwamba alikuwa binadamu wa aina yetu, si kiumbe mwingine. Watafiti wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, María Martinón-Torres wa Uhispania na Emmanuel Ndiema wa Makavazi yetu wakiwa miongoni mwa waandishi wake. Umri wa kaburi ni miaka 78,000 hivi. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana katika bara zima la Afrika.

Umri huo umejulikanaje?

Hili huulizwa kila nikilizungumzia barazani, na ni haki kuuliza. Njia maarufu ya kupima kaboni hufika miaka 50,000 hivi, kisha inaishiwa nguvu. Kwa vitu vya zamani zaidi, wataalamu hupima chembe za mchanga. Chembe ikifukiwa gizani hujikusanyia nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyo kwenye udongo. Ikipigwa na jua, nishati hiyo hutoka na hesabu huanza upya. Kwa hiyo mchanga ukichukuliwa bila kuonyeshwa mwanga, maabara inaweza kukadiria ni lini uliliona jua mara ya mwisho. Panga ya Saidi njia zote mbili zilitumika: kaboni kwa tabaka za juu, mchanga kwa tabaka za chini.

Na wamejuaje kwamba alizikwa, hakufia tu pangoni?

Kwanza, udongo uliojaza kishimo ni tofauti na ule wa pembeni yake, maana yake kilichimbwa makusudi na kufukiwa. Pili, mifupa ilikuwa mahali pake, imeungana kama ilivyokuwa mwilini. Maiti iliyoachwa wazi hutawanywa na wanyama. Tatu, namna bega na mbavu zilivyobanwa inaonyesha sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imevirigwa kwa kitu kilichooza baadaye, pengine ngozi au majani. Nne, kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu laini ambacho nacho kilioza. Kwa lugha yetu, mto.

Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Sisi tunaozika maiti zetu kwa sanda, tukawalaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, hatuwezi kuisoma sentensi hiyo kama habari ya kisayansi tu. Sisemi kwamba watu wale walikuwa na sheria zetu. Hatujui walichoamini, na magoti yaliyokunjwa si desturi yetu. Ninachosema ni kwamba kuna mtu, pengine mama, aliyemfunika mwanawe na kumwekea kitu chini ya kichwa asiumie, ilhali alijua kwamba hataumia tena.

Na imani yetu je?

Najua kuna ndugu watakaosema hesabu hizi za maelfu ya miaka zinapingana na dini. Nawaomba tutulie. Qur'ani haikutaja dunia ina umri gani, wala haikusema Nabii Adam, amani iwe juu yake, aliishi mwaka gani. Tarehe ile mashuhuri ya mwaka 4004 kabla ya Nabii Isa ilipigiwa hesabu na askofu James Ussher wa Ireland katika karne ya 17. Si yetu.

Tulichonacho sisi ni amri ya kutembea katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Tunacho pia kisa cha wana wawili wa Adam, pale muuaji aliposhindwa la kufanya na mwili wa nduguye mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi. Yaani katika mafunzo ya mwanzo kabisa tunayosimuliwa kuhusu binadamu, mojawapo ni kuzika. Kaburi la Kilifi halinitikisi imani. Linanikumbusha kisa kile.

Kutoka kaburini hadi mjini

Sasa turudi kwenye daftari la binti yangu. Tuchukue miaka yote tangu Mtoto azikwe, miaka 78,000, tuifanye siku moja ya saa 24, kutoka Magharibi hadi Magharibi kama tunavyohesabu sisi. Usiku unapita, Alfajiri inapita, asubuhi inapita. Watu wanawinda, wanachuma matunda, wanatengeneza zana. Hapo hapo Panga ya Saidi, kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita, zana za mawe zinakuwa ndogo na za ustadi zaidi. Tabaka za wakati huo zimetoa ushanga wa gamba la bahari, wa miaka kati ya 67,000 na 63,000, ambao watafiti waliutaja kuwa wa kale zaidi kupatikana Kenya. Pambo hilo ni la zamani kuliko kijiji chochote cha wakulima duniani.

Kilimo kinaanza Mashariki ya Kati miaka 11,500 hivi iliyopita. Kwa saa yetu, watu wameshaswali Adhuhuri na wanangojea Alasiri. Mji wa Uruk, kusini mwa Iraq ya leo, unaanza kuandika kwenye vibao vya udongo miaka 5,300 hivi iliyopita. Kwa saa yetu imebaki saa moja na dakika 38 kabla ya Magharibi, na walioswali Alasiri wameshatoka msikitini kitambo. Maandishi yale ya kwanza hayakuwa mashairi wala historia za wafalme. Sehemu kubwa yalikuwa hesabu za ghala: shayiri kiasi gani imeingia, mifugo mingapi, wafanyakazi wapewe posho gani. Karibu na wakati huo huo Misri inaunganishwa chini ya mfalme mmoja, na karne kadhaa baadaye miji ya bonde la Indus inajengwa kwa matofali ya vipimo sawa na mitaro ya majitaka.

Hayo ni mambo makubwa na sitaki kuyadharau. Mji unahitaji chakula cha ziada, mgawanyo wa kazi, kodi, na mtu wa kuandika nani kalipa na nani hajalipa. Lakini ni mambo ya mwisho wa siku. Huruma ilikuwa imeshazeeka.

Pwani yetu kwenye saa hiyo

Miji yetu ya mwambao inaingia jioni sana. Katika karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, wakulima waliojua kufua chuma walikuwa wameshafika nyuma ya pwani, na vyungu vyao vimepewa jina la Kwale kwa sababu huko ndiko vilikotambuliwa. Katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa Shanga katika miaka ya 1980 na akakuta, chini ya msikiti wa mawe, alama za nguzo za misikiti midogo ya miti. Wa mwanzo aliukadiria kuwa wa mwaka 780 hivi. Kwa saa yetu, zimebaki dakika 23 kabla ya adhana ya Magharibi.

Mwaka 2023 Nature ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Walikuwa mchanganyiko: asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na asili ya Uajemi na kidogo ya Kihindi, hasa kwa upande wa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000 hivi. Kila upande ulioshiriki ule ubishi wetu wa barazani, nani mwenyeji na nani mgeni, ulipata nusu ya hoja yake na kupoteza nusu.

Neno lenyewe ustaarabu limetokana na Uarabu, nasi tumelizoea kiasi cha kudhani kila chema kilishuka kutoka jahazini. Vingi vilikuja kwa jahazi, na dini yangu ni kimoja, namshukuru Mola. Lakini lugha yetu ina neno jingine la zamani, utu, na hilo halikuhitaji jahazi.

Tunachoweza kupoteza

Mtoto alidumu miaka 78,000 kwa sababu hakuna aliyepachimba. Leo mawe ya pwani yetu yana bei. Matimbo ya mawe yanasonga mbele kila mwaka, saruji inahitaji chokaa, na viwanja vinapimwa hadi kwenye midomo ya mapango. Pango likishakuwa kokoto, hakuna maabara ya Burgos wala ya Nairobi itakayolirudisha.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa. Kwa hiyo ndugu yangu unayechimba kisima, choo au msingi, ukikutana na mifupa, vyungu au mawe yaliyochongwa, simamisha jembe na uarifu Makavazi. Usiviokote, usiviuze, usivihamishe, kwa sababu mahali kitu kilipolala ndipo penye nusu ya habari yake. Na walimu wa Kilifi, Kwale, Lamu na Mombasa, jina la Panga ya Saidi litajeni darasani hata kama kitabu kimelisahau.

Binti yangu nilimjibu siku ya pili. Nilimwambia hapana, hawakuwa kama wanyama, kisha nikamsimulia habari za mto na sanda. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamwambia mifupa haikusema.