Land Rover Kuukuu katika Lupango: Historia Fupi ya Ufundi wa Nyumbani mjini Likasi

1. Utangulizi

Historia ya Katanga huelezwa mara nyingi kwa njia ya shaba, reli na kambi za wafanyakazi. Lupango, yaani uwanja wa nyumba pamoja na ukuta au ua wake, hutajwa kwa nadra, kana kwamba humo watu walilala tu na kuamka. Lakini yeyote aliyekulia katika miji yetu anajua kwamba lupango lilikuwa pia shamba, soko na karakana. Humo, chini ya mwembe, gari kuukuu liliweza kufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi kuliko mlango wa nyumba.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ufundi wa nyumbani wa magari ya kuvuta kwa magurudumu manne haukuzaliwa na umaskini peke yake. Mambo matatu yalikutana: umbo la gari lenyewe, kuanguka kwa uchumi, na lugha iliyowawezesha watu kurithishana maarifa bila kitabu. Mfano wetu ni Land Rover Series III ya marehemu baba yetu, mwalimu wa sekondari mjini Likasi. Msomaji atuwie radhi tukichanganya kumbukumbu na uchambuzi, kwani sehemu ya historia hii haina hifadhi nyingine.

2. Gari lililoundwa ili lifunguliwe

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia gari la Jeep la jeshi la Marekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, nchini Wales, akataka kuunda gari la wakulima lenye sifa kama hizo. Baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa mabati ya mchanganyiko wa alumini, mengi yakiwa bapa, yaliyoungwa kwa bolti na ribiti.

Uamuzi huo, uliotokana na uhaba wa Ulaya, ndio ulioligeuza gari hilo kuwa mali ya watu wenye uhaba mahali pengine. Paa, milango, kioo cha mbele na mabawa vyote viliweza kuondolewa kwa mikono. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971, ambayo iliundwa hadi 1985. Katika miaka hiyo yote mpango wa gari haukubadilika sana: shasi yenye umbo la ngazi, springi za majani, na mhimili wa mbele unaounganishwa na injini pale tu dereva anapouhitaji. Aliyejifunza gari moja aliweza kuingia katika gari la mwenziwe bila kupotea.

3. Miaka ya dhiki

Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba biashara nyingi za wageni zingekabidhiwa kwa wananchi. Kwa mwenye gari, matokeo yake yalikuwa kwamba njia za kuagizia vipuri zilivurugika. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, shaba, iliyokuwa mgongo wa mkoa wote, ilididimia. Mwaka uliofuata uporaji ulizimaliza akiba za maduka mengi. Oktoba 1993 fedha mpya ilitolewa, na zaire mpya 1 ilichukua mahali pa zaire 3.000.000 za zamani. Mshahara wa mwalimu ulikufa kabla haujafika mkononi. Baba alikuwa na msemo wake: noti huoza, beringi haiozi. Kila alipopata fedha alinunua kipuri, hata kama hakikuhitajika siku ile.

Gari hilo halikuwa la fahari. Tulikuwa na shamba la mahindi mbali na mji, na unga wa shamba hilo ndio uliotulisha. Gari likilala, mavuno yalilala nalo porini.

Hadi mwaka 1992 gari letu lilitunzwa na jirani tuliyemwita Fundi, mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa Likasi. Mwaka huo Wakasai walianza kufukuzwa Katanga. Maelfu yao walikaa majuma mengi kwenye stesheni ya Likasi wakingojea gari moshi, na baadhi yao walifia hapo. Fundi na jamaa yake waliondoka mwanzoni mwa mwaka 1993. Usiku wa mwisho alikuja kwetu na kifurushi cha turubai. Ndani yake mlikuwa na spana zake za inchi.

Asiyejua gari hili hataelewa uzito wa zawadi hiyo. Spana zilizouzwa mjini kwetu zilikuwa za milimita, lakini bolti nyingi za Land Rover za zamani hupimwa kwa inchi. Spana ya milimita huzikaribia tu; ikikazwa hula pembe za nati, na nati iliyoliwa haifunguki tena ila kwa patasi. Fundi alikuwa anafukuzwa na mji, naye akauachia mji huo vyombo vyake. Kuanzia hapo baba alilazimika kuwa fundi, nami, mwenye umri wa miaka 6, nikawa mshika taa.

4. Kazi yenyewe

Kanuni ya kwanza aliyoiacha Fundi ilikuwa ya kusikiliza: «Sikia kwanza; kufungula ni kwa mwisho.» Shasi ilisikilizwa kwa nyundo ndogo. Alumini haishikwi na kutu nyekundu, kwa hiyo mwili wa Land Rover humdanganya mnunuzi, kwani waonekana mzima huku shasi ya chuma iliyo chini yake inaliwa kutoka ndani, mahali tope linapokaa na maji. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hujibu kwa sauti nzito. Dawa ilikuwa kuzibua matundu ya kutolea maji, kuosha tope baada ya kila safari ya masika, na kupaka ndani oili iliyokwisha kutumika. Hata alumini ina ugonjwa wake: inapogusana na chuma penye unyevu, hugeuka unga mweupe.

Kanuni ya pili ilihusu maji. Baada ya kuvuka mto, oili ya mihimili ilichunguzwa. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, nayo lazima imwagwe yote kabla meno na beringi havijaharibika.

Tatu, shafti za magurudumu ya nyuma, udhaifu wa gari hili unaojulikana sana. Moja ikikatika, injini huzunguka na gari husimama palepale. Hapo dereva huunganisha mhimili wa mbele na kurudi nyumbani polepole, akivutwa na magurudumu ya mbele. Nyumbani hufunguliwa bolti 6 za kitovu cha gurudumu, na shafti huchomolewa pasipo kuushusha mhimili. Kipande kilichobaki ndani ni lazima kitolewe, kwa kuwa chuma kidogo kikisahauliwa husaga meno ya diferensha.

Nne, breki, kazi ya watu wawili. Mtoto alikaa kwenye kiti cha dereva, na baba alilala kando ya gurudumu na mrija uliotumbukizwa katika chupa. «Kanyaga… shikilia… achilia»: maneno hayo yalirudiwa mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Breki hazikuvumilia uzembe. Baadhi ya majirani, kwa kukosa mafuta ya breki, walitia oili ya injini. Mipira ya ndani ilivimba na magurudumu yakakwama.

Kadhalika breki ya mkono. Katika magari haya haishiki magurudumu yenyewe, bali shafti inayopeleka nguvu kwenye mhimili wa nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, diferensha huliacha lizunguke, na gari zima laweza kuteremka ingawa breki imevutwa. Ndiyo maana kabari za mti ziliwekwa kwanza kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na hakuna aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ufundi wa nyumbani ulikuwa na sheria zake, na kuzivunja kulikuwa na gharama yake.

5. Maneno ya kazi

Tukiyatazama maneno yaliyotumika katika lupango letu, twaona tabaka mbalimbali za historia. Motokari ni neno lenye asili ya Kiingereza, nalo latukumbusha kwamba reli iliufikia mji wa Élisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, kutoka Rhodesia. Moteri, freni, vitesi, batri na buji yalitoka katika Kifaransa cha karakana za kampuni. Katika Kiswahili sanifu tungesema injini, breki, gia, betri na plagi, ambayo yalikopwa vilevile, ila kutoka kwa mtawala mwingine.

Vitenzi, hata hivyo, vilikuwa vyetu kwa sehemu kubwa: kufungula, kukaza, kulegeza, kusikia, kuponyesha. Gari lilikohoa, lilikunywa, lilichoka, lilikufa na kufufuka. Kudemare ni mgeni, kweli, lakini mgeni huyo aliketi katikati ya wenyeji. Jina la kitu lilikuja na kitu chenyewe. Tendo lilielezwa kwa lugha ya nyumbani. Mfano bora ni spana. Sisi tuliiita fungulo. Kifaransa hutumia neno moja kwa ufunguo wa mlango na kwa chombo cha kukazia nati, na baba zetu walilifuata wazo hilo kwa neno la Kibantu. Walipofanya hivyo walipata kitu ambacho hata Kifaransa hakina: nati hufungulwa kwa fungulo, chombo na tendo vikiwa na mzizi mmoja.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba gari liliruhusu kufunguliwa, dhiki ikalazimisha lifunguliwe, na lugha ikahifadhi namna ya kulifungua. Kati ya nguzo hizo tatu, dhiki haijatuacha. Ya kwanza inaondoka, kwa sababu magari mengi yanayoingia sasa yanaendeshwa kwa vifaa vya elektroniki ambavyo nyundo na sikio haviwezi kuvichunguza. Ya tatu iko mikononi mwetu. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa majina ya vipuri kwa Kifaransa, kisha huingia karakana ambamo kazi husemwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyempa daraja kati ya hayo mawili. Wanafunzi wetu wa isimu wangeweza kulijenga wakianza na malupango ya wazee wao, kabla wazee hao hawajaondoka na maneno yao.

Spana za Fundi tunazo hadi leo, ndani ya turubai lilelile. Baba alizipaka girisi kila mwaka, hata baada ya gari kuuzwa. Alipoulizwa sababu, alisema si zake, alipewa azitunze tu.