Hisani ya Wachache, Mchango wa Wengi: Historia ya Utoaji Songwe

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwezi Januari 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, nao Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ukabaki kuwa kitovu cha biashara. Mwezi huohuo serikali ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne, na wazazi wengi wakadhani michango ya shule imekoma moja kwa moja. Ubishi uliozuka kuhusu mchango upi ni wa hiari na upi ni tozo ya kificho haukuwa mpya, kwa kuwa watu wa nyanda hizi walikwishaulizana kwa zaidi ya karne moja ni nani anayetoa, anampa nani na kwa sharti gani.

Sehemu kubwa ya msamiati wa utoaji ilipanda bara kutoka pwani. Sadaka ni kile kinachotolewa kwa ajili ya Mungu bila kungoja malipo; zaka ni kiwango maalumu cha mali ambacho Mwislamu mwenye uwezo anawajibika kukitoa; na wakfu ni nyumba, shamba au mali nyingine ambayo mwenyewe huifunga isiuzwe wala isirithiwe, ili mapato yake yahudumie msikiti, maskini au kizazi chake. Nyuma ya maneno hayo yenye asili ya Kiarabu zilikuwapo taasisi zilizoyasimamia, kwani Zanzibar ilikuwa na kamisheni ya wakfu tangu 1905. Hisani, yaani wema anaotendewa mtu asiyeudai, lina asili hiyohiyo, na ndilo lililokuja kubeba dhana ya Kiyunani ya philanthropia, upendo kwa wanadamu.

Utoaji wa aina nyingine uliingia kupitia Wamoravian, ambao mwaka 1899, chini ya Traugott Bachmann kutoka Ujerumani, walifungua misheni Mbozi miongoni mwa Wanyiha. Huduma za misheni, ambazo baadaye zilijumuisha hospitali za Mbozi na Isoko wilayani Ileje, zilitegemea kwa sehemu fedha za waumini wa Ulaya, na hapo ndipo mfadhili alipopata sura ya mtu wa mbali asiyeonekana. Hata hivyo, waumini wa Mbozi hawakubaki wapokeaji tu. Sadaka ya mavuno huletwa kwa mahindi, maharage, kahawa na kuku, na baada ya ibada huwekwa mnadani nje ya kanisa, ambapo kuku mmoja huweza kununuliwa kwa bei isiyojulikana sokoni, mnunuzi akamrudisha, akanadiwa tena kwa mwingine, na kila anayepandisha bei akajua kwamba hanunui kitoweo.

Utawala wa Waingereza ulileta ufafanuzi wa kisheria. Sheria ya Uingereza, iliyoanza kutumika rasmi Tanganyika mwaka 1920, ilitambua makundi manne ya shughuli za hisani, yaliyopangwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1891, nayo ni kuwaondolea watu umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa umma. Sharti la manufaa kwa umma ndilo lenye uzito zaidi, kwa maana linakiacha nje chama cha kuzikana, ambacho wanachama wake husaidiana wenyewe kwa wenyewe. Mantiki ya sheria inaeleweka, lakini macho yake yalimzoea tajiri anayempa maskini asiyemjua, yakawapita majirani wanaopeana zamu.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, kujitegemea kulifanywa siasa ya taifa, na nguvu kazi ya wananchi ikahesabiwa kuwa sehemu ya maendeleo. Mwaka huohuo Tanzania na Zambia zilitia saini na China makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA, ambayo kazi yake ilianza 1970 na kuufikia mpaka wa Tunduma mwaka 1973. Reli hiyo huitwa msaada katika mazungumzo ya kila siku, ingawa ilijengwa kwa mkopo usio na riba, yaani deni ambalo lilipaswa kulipwa. Uzembe huo wa lugha si mdogo, kwani humfanya mkopaji ajione mwombaji. Serikali yenyewe imebadili msamiati wake, na nchi zilizoitwa wahisani sasa huitwa washirika wa maendeleo.

Mchango, kutoka kitenzi kuchanga, haukuhitaji mfadhili wala sheria. Penye msiba mtu hukaa na daftari, akiandika jina na kiasi cha rambirambi cha kila anayefika, na aliyeandikwa leo anatarajia kuandikiwa kesho. Kwa utaratibu unaofanana na huo wanavijiji huchangia tofali, mawe, mchanga na nguvu kazi kuinua maboma, yaani kuta za madarasa au zahanati, wakiisubiri halmashauri ikamilishe kwa kuezeka. Jengo likizinduliwa, jiwe la uzinduzi huchongwa jina la kiongozi aliyelifungua, na pengine la mfadhili aliyetoa bati, lakini si majina ya waliobeba mawe.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inahesabu elimu, afya, maji na hata ujenzi wa barabara kuwa kazi zinazoweza kuipa taasisi hadhi ya hisani. Kwa kipimo hicho, wanavijiji wa wilaya za Mbozi, Momba na Ileje wamefanya kazi za hisani kwa miongo mingi bila kuitwa wahisani. Wenye madaftari ya zamani ya michango ya shule na zahanati wasiyaache yaliwe na mchwa, bali wayapeleke kwenye ofisi za vijiji na halmashauri yakatunzwe.